Furaha Haiamrishwi

Katika kodi zote watozwazo watu mwishoni mwa mwaka, iko moja ambayo haikutungwa na bunge lolote, haina karani wa kuiandika wala askari wa kuidai, na hata hivyo ni wachache wathubutuo kuikataa mbele ya watu. Kodi hiyo ni furaha. Siku za kwanza za Desemba zikiingia, kila uso hutazamiwa kuilipa. Dukani, ofisini, garini na kanisani watu huulizana jinsi walivyojiandaa kwa Krismasi, na swali lenyewe huja na jibu lake: lazima mtu awe amejiandaa, lazima awe na hamu, lazima awe anahesabu siku. Mtu akijibu ya kuwa mwaka huu moyo wake umekaa kimya, hutazamwa kama mdeni aliyekutana njiani na mwenye mali. Mmoja humhurumia, wa pili humwonya asiwatie watu nuksi, wa tatu humwambia amshukuru Mungu kwa kuwa wako wenye shida kubwa kuliko zake. Hapana hata mmoja amwulizaye kama kodi ile ilitozwa kwa haki.

Insha hii yataka kuuliza swali hilo. Nasema ya kuwa mtu ashindwaye kushangilia katika majuma yanayotangulia Krismasi hana deni na mtu. Furaha haitumwi ikaenda, wala haiitwi ikaja. Dini na desturi zilizoujua moyo wa binadamu ziliamrisha mambo ambayo mkono waweza kuyatenda, zikaiacha furaha ije kwa wakati wake. Sisi tumeyapindua mambo: kazi za mkono tumezifanya hiari, na hali ya moyo tumeifanya faradhi.

Kwanza tuwatazame washtakiwa wenyewe. Yuko mfiwa. Desemba hii ni ya kwanza kwake tangu sahani moja ipungue katika chakula cha nyumbani, na kila wimbo usikikao dukani humkumbusha mtu aliyekuwa akiuimba. Misiba mingine imejifunga na tarehe zenyewe. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi yaliyotokana na tetemeko la ardhi karibu na Sumatra yalivuka Bahari ya Hindi yakaua watu hata Somalia, Tanzania na Kenya. Tarehe 27 Desemba 2007 Wakenya walipiga kura, na machafuko yaliyofuata yaliua watu zaidi ya 1,100. Kwa jamaa za marehemu hao, juma ambalo wengine huliita la nderemo lina hesabu nyingine.

Yuko asiyejiweza. Huyu aitazama Krismasi kama msafiri aonaye mto uliofurika na nyuma ya mto akaona mlima. Mto ni nguo za watoto, nyama, mchele na zawadi. Mlima ni Januari pamoja na ada, sare, madaftari na kodi ya nyumba. Wakenya, kwa mzaha wenye uchungu, wameufinyangia mwezi huo jina jipya wakauita Njaanuari. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye shibe ndiye aghalabu ahimizaye wengine wachangamke.

Yuko mwenye zamu: mwuguzi, mlinzi, dereva wa basi, mpishi wa hoteli, na msichana akaaye kwenye mashine ya fedha katika duka kubwa. Huyo msichana husikiliza nyimbo zile zile kwa majuma manne tangu asubuhi hata usiku, kisha akaambiwa atabasamu kwa kila mteja. Sikukuu ya wengine ni jasho lake, na ikifika yake anachotaka ni usingizi.

Na yuko wa mwisho, ambaye kumwelewa ni vigumu kuliko wote. Hakufiwa, hana njaa, hana zamu. Lakini furaha haiji. Huyu ndiye asemwaye sana, kwa kuwa hana cheti cha kuonyesha. Yamkini ni mgonjwa, maana sonona ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na mwenye kuona dalili zake hapaswi kuona haya kumwendea tabibu. Lakini si kila aliye kimya ni mgonjwa. Hata ile habari ivumayo kila mwaka, ya kuwa watu hujiua zaidi wakati wa Krismasi, haina msingi: takwimu za Marekani, nchi inayovuma sana habari hiyo, zimeonyesha kwa miaka mingi ya kuwa Desemba ni miongoni mwa miezi yenye vifo hivyo vichache. Tusimfanye kila mnyonge wa Desemba kuwa mgonjwa, kama tusivyopaswa kumfanya mkosaji. Huenda ni mtu aliyeamka na moyo wa kawaida katika mwezi usiovumilia mioyo ya kawaida.

Sasa tuitazame amri yenyewe. Watu hudhani ya kuwa majuma yanayotangulia Krismasi yalikuwa tangu asili majuma ya shangwe. Historia yakataa. Katika karne ya 6 baraza la maaskofu lililokutana Mâcon, katika nchi iitwayo leo Ufaransa, liliagiza mfungo wa siku tatu kila wiki tangu sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, hata siku ya Kuzaliwa. Makanisa ya Kiorthodoksi yangali yakifunga siku 40 kabla ya sikukuu hiyo. Majirani zetu wa Ethiopia, ambao Ukristo wao ni mkongwe kuliko wa nchi nyingi za Ulaya, hufunga zaidi ya siku 40, wakajizuia na nyama, maziwa na siagi, ndipo wakaifikia Krismasi yao tarehe 7 Januari. Hata makanisa yetu yafuatayo kalenda ya Magharibi yameihifadhi alama ya jambo hilo katika Majilio. Padre huvaa zambarau, rangi ya toba. Katika Dominika hizo nne wimbo wa Utukufu hunyamaza. Ni Dominika ya tatu peke yake iliyopewa rangi ya waridi na jina la furaha, kama mtu aliye safarini apewavyo kikombe cha maji ili aweze kuendelea na mwendo.

Basi tazama, msomaji, mgongano uliopo. Ndani ya kanisa Desemba ni mwezi wa kungoja. Nje ya mlango wake ni mwezi wa kuwa umekwisha kupata. Mtu aliye mnyonge siku ya 10 Desemba huambiwa ya kuwa hakuielewa Krismasi, ilhali kwa mujibu wa kalenda ya Krismasi yenyewe yeye ndiye ajuaye ni siku gani, na wengine wote wamewahi.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wao wajua ya kuwa Idi hufika kwa njia ya Ramadhani. Mwezi mzima tumbo hujifunza njaa na ulimi hujifunza subira. Macho hutafuta mwezi mwandamo, na siku uonekanapo, furaha huja bila ya kuvutwa kwa kamba, kwa sababu imeandaliwa nafasi. Sisemi ya kuwa Ramadhani haina biashara yake. Bei za tende na nguo hupanda kama zipandavyo zile za Desemba. Lakini hakuna amwambiaye mfungaji, siku ya 10 ya mfungo, ya kuwa amewaharibia watu Idi kwa uso wake mkavu. Njaa yake ina heshima. Sikukuu isiyotanguliwa na kungoja ni kama chakula kinachopakuliwa kwa mtu aliyekwisha kula: hata kikiwa kitamu, hukataa kupita.

Na hadithi yenyewe inayosherehekewa, je, ni hadithi ya hoihoi? Luka aeleza habari za amri ya serikali ya watu kuandikwa, mke mja mzito kupelekwa safarini, mji uliojaa, na mtoto kulazwa horini kwa kukosa nafasi. Mathayo aeleza habari za mfalme mwenye wivu, watoto kuuawa, na jamaa moja kukimbilia Misri. Furaha imo, wachungaji waliipata. Lakini iliwafikia usiku, wakiwa kazini, bila ya mtu kuwaamrisha. Waliokuwa wamelala salama mjini hawakusikia neno.

Amri hii basi ilitoka wapi? Yafaa kukumbuka ya kuwa dola iliwahi kwanza kuikataza sikukuu hii. Mwezi wa Juni 1647 Bunge la Uingereza, likiongozwa na Wapuritani, liliifuta Krismasi pamoja na sikukuu nyingine za kanisa. Desemba ya mwaka ule ule watu wa Canterbury wakafanya ghasia kuitetea. Mwaka 1659 walowezi wa Massachusetts waliweka faini ya shilingi tano kwa atakayeonekana akiiadhimisha, na sheria yao haikufutwa mpaka 1681. Katazo lile lilishindwa. Lakini somo lake halikushikwa: kama dola haikuweza kumkataza mtu furaha yake kwa faini, soko nalo halitaweza kumpa furaha kwa matangazo.

Sura ya Krismasi tuijuayo leo ilichongwa zaidi katika karne ya 19. Mwaka 1843 Charles Dickens alitoa London kitabu chake A Christmas Carol, na mwaka huo huo Henry Cole, wa mji huo huo, aliagiza kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa. Mwaka 1848 gazeti moja la mji huo lilichapisha picha ya Malkia Victoria na jamaa yake wakiuzunguka mti uliopambwa, na matajiri wengi wakaiga. Kwa hiyo ikazaliwa picha moja: moto wa kuota, theluji dirishani, jamaa nzima mezani, kila uso ukicheka. Picha si dhambi. Dhambi ni kuigeuza picha kuwa mizani ya kupimia nyumba za watu.

Tena picha hiyo haikuchorwa na wenye furaha peke yao. Wimbo ambao ndio uliouvumisha ulimwenguni mwote ule ndoto wa Krismasi yenye theluji, White Christmas, ulitungwa na Irving Berlin, ukatoka mwaka 1942 kwa sauti ya Bing Crosby, wakati maelfu ya askari wa Marekani walikuwa vitani mbali na kwao. Berlin alikuwa Myahudi, na mwanawe mchanga alikuwa amefariki tarehe 25 Desemba 1928. Yaani wimbo upigwao madukani ili watu wachangamke wanunue, ulitoka katika kifua cha mtu ambaye siku hiyo ilikuwa kwake siku ya kaburi. Mtunzi aliruhusiwa kutamani. Msikilizaji anaamriwa kufurahi. Ni nani kati yao aliyeielewa siku?

Picha hiyo ilipofika kwetu haikubadilishwa hata nguo. Mwezi wa Desemba kaskazi imeanza kuvuma, jua la Dar es Salaam na Mombasa launguza, maembe yamejaa sokoni. Na dukani pamesimama msunobari wa plastiki uliopakwa pamba ili ufanane na mti wenye theluji. Nje ya duka hilo hilo, kando ya barabara, umesimama mti uliotoka Bukini, ambao umejaa maua mekundu kama makaa tangu tawi la chini hata la juu. Wazee waliuona ukichanua wakati wa sikukuu wakauita mkrismasi. Hauuzwi, haukunjwi wala hautiwi sandukuni Januari; nao hutupita machoni. Theluji tuliyo nayo kwa kweli, ile ya Kilimanjaro, yaendelea kutoweka: barafu ya kilele hicho ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika muda wa miaka 100 iliyofuata 1912. Twalia kwa theluji isiyo yetu na kuisahau iliyo yetu. Mtu ashindwaye kuchangamka mbele ya pamba ile huenda ana macho mazima kuliko sisi. Nguo ya kuazima haisitiri, na furaha ya kuazima haina tofauti na nguo.

Hapa watatokea wasemao: basi Krismasi ni ya kigeni, na itupwe. Mimi si mmoja wao. Sikukuu iliyokaa na watu kwa vizazi huota mizizi, nayo imeota. Ushahidi ni Wachaga wa Kilimanjaro, ambao kila Desemba hurudi kwao kwa wingi hata miji ikapungua watu. Hawarudi kwa ajili ya theluji ya pamba. Hurudi kwenye kihamba, shamba la migomba na kahawa walilorithi, ambamo makaburi ya wazee yamo. Husikilizana magomvi ya ardhi, humaliza habari za mahari, huonyesha watoto waliozaliwa mjini, na hunywa mbege ya ndizi na ulezi pamoja na wale waliobaki. Mwezi wa Desemba 2019 treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi iliporudi baada ya kusimama zaidi ya miaka 20, abiria walijua mara moja matumizi yake. Hiyo ni sikukuu yenye kazi, na yenye kazi haihitaji kushurutishwa.

Lakini kodi yetu imepenya hata huko. Desturi iliyokuwa ya kurudi imegeuka kwa wengi kuwa desturi ya kuonekana umerudi. Anayepanda mlima hutazamwa amepanda na nini: gari gani, mbuzi wangapi, bahasha ya unene gani. Nauli nazo hupenda kupanda mlima kabla ya abiria. Asiye na kitu huona ni afadhali abaki mjini akatoa udhuru wa kazi kuliko kufika mikono mitupu. Na mamaye, ambaye alitaka kumwona yeye, hupata udhuru. Sikukuu iliyotungwa ili watu wakutane imekuwa ndiyo sababu ya wao kutokutana. Mwenye akili na aniambie ni nani aliyeiharibu Krismasi hapo: ni yule aliyejificha mjini kwa unyonge, au ni sisi tulioweka bei mlangoni pa mama yake?

Watasema tena: furaha huambukiza, mtu na acheke kwanza kwa mdomo, moyo utafuata. Pengine kwa mtu aliyechoka kidogo dawa hiyo hufaa. Kwa mwenye huzuni ya kweli ni mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Atabeba majonzi, kisha atabeba kazi ya kuyaficha. Watasema: watoto je, wanyimwe sikukuu yao kwa sababu ya mkubwa mmoja? La, wasinyimwe. Mkubwa aweza kupika pilau, kushona nguo na kuwapeleka watoto ibadani au ufukweni bila ya kudai ya kuwa moyo wake unaruka. Mtoto hadhuriwi na mzazi aliye mtulivu; hudhuriwa na mzazi alazimishwaye kuigiza, ambaye hasira zake hupasuka jioni. Watasema: maandiko yameamrisha kufurahi. Ni kweli Mtume Paulo aliwausia Wafilipi wafurahi, naye aliandika akiwa kifungoni, si dukani. Paulo huyo huyo aliwaagiza Warumi washiriki machozi ya wenye kulia. Wahubiri wa Desemba hukumbuka barua moja wakaisahau ya pili.

Nimesema ya kuwa desturi zenye busara huamrisha kazi ya mkono. Mfano bora nchini mwetu ni zakaatul-fitri. Kabla ya sala ya Idi, kila Mwislamu mwenye uwezo hutoa kwa ajili yake na kwa kila amlishaye pishi moja ya chakula, yaani vibaba vinne, akampa asiye nacho. Sheria hiyo haikumwambia maskini afurahi. Ilimjua ya kuwa ana njaa, na ikamwambia jirani yake alete nafaka kabla ya siku kuanza. Kipimo chake chajulikana, wakati wake wajulikana, na asiyetoa ndiye mdeni. Hivyo ndivyo sikukuu yenye haki inavyosema: deni liko kwa mwenye uwezo, haliko kwa mnyonge.

Wala si chakula peke yake tunachokijua. Tunajua pia kukaa na huzuni. Mtu akifiwa, majirani hutandika mikeka, wakakaa matanga, wengine bila ya kusema neno siku nzima, na hapana amwambiaye mfiwa achangamke kwa sababu wageni wamekuja. Ustaarabu huu tunao mwezi wa Machi, tunao mwezi wa Agosti. Kwa nini Desemba tuuvue kama kanzu chafu? Kama mwenye msiba wa juzi ana haki ya mkeka, mwenye msiba wa mwaka jana ana haki ya kiti cha pembeni katika chakula cha Krismasi, asilazimishwe kuimba, wala asitengwe kwa kutokuimba.

Na tuamrishe basi yanayoamrishika. Mwajiri na alipe mshahara kabla ya tarehe 24, na mwenye zamu ya siku kuu apewe siku nyingine ya kupumzika. Mwenye basi na atoze nauli ile ile aliyotoza mwezi wa Oktoba. Mwenye jamaa na amwite ndugu yake kwa maneno yasemayo waziwazi ya kuwa aje mikono mitupu. Mwenye jirani aliyefiwa na amchukulie chakula, akae naye kidogo, na asimwulize kwa nini hakupamba nyumba. Wahubiri na waihubiri Majilio wakati wa Majilio. Kila moja katika kazi hizi yawezekana, na kila asiyeitenda aweza kulaumiwa kwa haki.

Tukiisha kuyatenda hayo, huenda furaha ikaja, huenda isije. Ikija, itakuta mlango wazi. Isipokuja mwaka huu, hatakuwapo mdeni aliyefedheheshwa kwa sababu yake. Lakini mtu asiyeleta hata kibaba kimoja, kisha akasimama mlangoni pa jirani yake akidai kicheko, huyo anatoza kodi isiyo yake, na anastahili kurudishwa mikono mitupu.